Baba alisahau maji, hakusahau Alhamdu

MASANJA: Karibuni. Tupo Tabora, jua linazama, na leo mwenye habari ni mwenzangu mwenyewe wa kipindi, Mwalimu Zuhura, yupo likizo ya chuo. Shikamoo, Mwalimu.

ZUHURA: Marahaba, Masanja. Watoto hawajambo?

MASANJA: Hawajambo. Mwalimu, umefundisha baiolojia miaka 30. Ulipotimiza 55 ukastaafu kwa hiari. Wenzako wakanunua mizinga ya nyuki, wewe ukarudi darasani.

ZUHURA: Tena mwaka wa kwanza, Muhimbili, tiba ya matamshi na lugha. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi haimpokei aliyevuka miaka 35, kwa hiyo ada inatoka kwenye kiinua mgongo changu. Sijutii hata shilingi.

MASANJA: Kwa nini kazi hiyo?

ZUHURA: Baba. Alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, maneno yakaondoka. Akitaka maji anasema "ufunguo". Anajua kabisa kwamba sicho alichokusudia, machozi yanamtoka. Watu wakaja kutupa pole kwamba mzee karukwa na akili. Basi siku moja, magharibi, namsikia anasoma Alhamdu. Aya zote saba, hakukosea hata herufi. Nikakimbia kwake, nikidhani kapona. "Baba, unataka nini?" Akanitazama. "Ufunguo."

MASANJA: Ee, Mwalimu.

ZUHURA: Jibu nimelipata darasani, yeye akiwa kaburini. Kwa watu wengi lugha imekaa upande wa kushoto wa ubongo. Daktari Mfaransa, Paul Broca, alianza kulionyesha hilo mwaka 1861 kwa mgonjwa ambaye kila akiulizwa hujibu "tan" tu. Hali hii ya kupotewa na maneno wataalamu wanaiita afasia. Akili ipo, njia ya kulifikia neno ndiyo imeziba. Lakini yale tuliyoyarudia tangu utotoni, sala, kuhesabu, siku za wiki, nyimbo, mara nyingi yanasalimika. Mtaalamu anaweza kuanzia hapohapo kwenye wimbo, akavuta neno mojamoja. Sisi tulikuwa tunampigia kelele kama kwamba hasikii.

MASANJA: Kumbe kazi yenu inagusa na kumeza pia?

ZUHURA: Sana, na wengi hawajui! Baada ya kiharusi koo linaweza kuchelewa kujifunga. Maji yanateremka upesi, yanaingia mapafuni, mgonjwa anapata nimonia. Tulimnywesha Baba akiwa amelala. Akipaliwa tunampigapiga mgongoni, tunaendelea. Wengi husaidika kwa kukalishwa wima tu na kulishwa kijiko kidogo kidogo, na wengine kinywaji chao huongezwa uzito. Kutolijua hilo kunaniuma mpaka leo.

MASANJA: Na hao vijana unaosoma nao?

ZUHURA: Wananiita Mama. Kwenye kukariri neva 12 za kichwa wananiacha mbali. Ila tukikaa na mgonjwa, kimya cha sekunde tano kinawatisha, wanamwahi. Mimi nimesubiri majibu ya wanafunzi miaka 30. Najua kusubiri.

MASANJA: Nikuulize la kwangu. Kijana wangu wa miaka minne anakwama. "Ba-ba-ba", mpaka anakunja uso. Jirani anasema akatwe kimeo.

ZUHURA: Usithubutu! Kimeo hakihusiki kabisa na kigugumizi. Wanaokatwa kienyeji wanavuja damu, wanapata maambukizi, wengine wanakufa. Kigugumizi huanza sana kati ya miaka 2 na 5, na watoto wengi hukiacha. Ila wako ameanza kukunja uso, na kama kwenu yupo ndugu mwenye nacho, usikae ukingoja kiishe, mpeleke kwa mtaalamu. Sasa niambie, akikwama unafanyaje?

MASANJA: Namwambia vuta pumzi, sema polepole. Nikiwa na haraka namalizia mwenyewe.

ZUHURA: Vyote hivyo yeye anavisikia kama "umekosea". Mtazame, msubiri, halafu ujibu alichosema, si alivyokisema. Wa kupunguza mwendo ni wewe. Dakika tano kila jioni, simu iwe mbali.

MASANJA: Jana alianza kunihadithia habari za mbwa wa jirani. Nikammalizia. Akanyamaza, akatoka nje.

ZUHURA: Ukifika nyumbani leo, muulize tena habari za yule mbwa.

MASANJA: Nitamuuliza. Mpaka sasa sijui huyo mbwa alifanya nini.