Shemeji Yake Mwenyewe

MWANAISHA: Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Na nyinyi wa Mikindani mnaosikiliza kwa sababu Kilonzo anawadai, karibuni pia.

KILONZO: Wao ndio wananidai mimi. Mama Shamsa, leo nimekuja na karatasi. Mambo saba kuhusu klabu za likizo, zile za kulipa kiingilio uahidiwe vyumba vya hoteli miaka ijayo. Tunayapitia moja moja, tunamaliza mapema, kwaya wanaingia studio kwa saa yao bila kugonga mlango.

MWANAISHA: Kwanza nihadithie ya Jumamosi.

KILONZO: Kwa ufupi.

MWANAISHA: Simu iliingia. Binti, sauti laini kama haluwa, hongera, nambari yako imechaguliwa, umeshinda likizo ya siku tatu kwa watu wawili, hoteli ya ufuoni. Nikamwuliza, wapi? Akanambia, Mombasa.

KILONZO: (anacheka) Wewe wa Tudor.

MWANAISHA: Nikamwambia mwanangu, hiyo Mombasa nikifungua dirisha naiona. Hakutetereka. Akasema, basi nauli umeokoa.

KILONZO: Huyo kazi anaijua.

MWANAISHA: Masharti sasa. Zawadi naichukua mwenyewe Nyali, niende na mume wangu, tubebe vitambulisho na kadi ya benki.

KILONZO: Hapo ndipo namba moja kwenye karatasi yangu. Kwa nini lazima mume? Kwa sababu mtu akiwa peke yake atasema, ngoja nikamwulize mwenzangu, halafu hatarudi. Wakija wawili hakuna wa kwenda kuulizwa. Huwezi...

MWANAISHA: Na Baba Shamsa yuko melini mpaka Desemba. Nikamchukua Badi.

KILONZO: Badi yupi?

MWANAISHA: Badi.

KILONZO: Badi kakako? Wa tumbo moja?

MWANAISHA: Nilitaka kwenda kuona kwa macho yangu! Nina jirani analipa kila mwaka na hajalala hoteli hata usiku mmoja. Na mume wa kukopa ningempata wapi? Kwako?

KILONZO: Mke wangu anasikiliza hiki kipindi.

MWANAISHA: Ndiyo nikamchukua Badi. Tumefika mapokezi, kijana akachukua vitambulisho. Mwanaisha Said. Badi Said. Akatabasamu: "Naona mama umechukua jina la mzee."

KILONZO: (kicheko kirefu)

MWANAISHA: Halafu akatuangalia, akasema, lakini mnafanana! Badi, bila haya, akajibu: "Watu wengi wanatuambia."

KILONZO: Ngoja. Ngoja kidogo. Kwa hivyo Badi ni shemeji yake mwenyewe.

MWANAISHA: Usianze.

KILONZO: Mume wa dadake ni shemeji yake. Mume wa dadake ni yeye. Na Shamsa je? Mjomba wake ndiye babake.

MWANAISHA: Kilonzo, mamangu anasikiliza.

KILONZO: Mamako ambaye sasa ni mkwe wa mwanawe mwenyewe! Mama, shikamoo. Huyo mkweo alilipa mahari?

MWANAISHA: Wacha niendelee. Ndani kuna muziki wa juu, vimeza vidogo, kila mke na mume na mtu wao. Wetu msichana mdogo, mkarimu, juisi, sambusa. Akatuuliza, mlikutana wapi? Badi akasema, nyumbani. Lini? Badi: "Mimi tangu nizaliwe namjua." Wallahi yule binti machozi yalimlenga. Akasema, mapenzi ya utotoni, siku hizi hayapatikani.

KILONZO: (anagonga meza) Hapana. Hapana, nashindwa.

MWANAISHA: Kisha karatasi ikatoka. Mnatumia kiasi gani kwa likizo kwa mwaka? Badi ambaye hata soda ya mtu hajawahi kulipa akasema laki mbili. Binti akaandika 200,000, akazidisha kwa miaka 25, akapata milioni tano, akaizungushia duara. "Mnaona? Milioni tano mnaigawia hoteli, na hata mlango si wenu."

KILONZO: Hiyo ndiyo hesabu yao, kila mahali. Anakufanya uone umeshatumia pesa ambayo huna, halafu anakuuzia kitu cha kuiokoa. Mshahara wako utakuwaje miaka 25 ijayo, hakuulizi.

MWANAISHA: Basi kiingilio, laki sita na themanini. Nikasema hatuna. Akaja meneja na kalamu nyekundu, akakata, laki nne na ishirini, lakini leo tu, tukitoka mlangoni imekufa. Kila baada ya muda kengele inalia, wanatangaza familia fulani imejiunga, watu wanapiga makofi. Na Badi anapiga makofi! Kisha akanigeukia, mbele ya meneja: "Dada, hii si mbaya."

KILONZO: Dada!

MWANAISHA: Binti akashtuka, anakuita dada? Nikasema, ni mapenzi ya kipwani.

KILONZO: Shemeji yake mwenyewe ameshauza ng'ombe!

MWANAISHA: Mwisho tukiwa tumesimama, akaja wa tatu, mpole kabisa, na kifurushi cha majaribio. Elfu tisini tu.

KILONZO: Huyo wa tatu ndiye hatari. Wawili wa kwanza umewakatalia, unaona vibaya, umekula sambusa zao. Ukisikia bei ndogo unasema afadhali nilipe niende zangu. Watu wengi hawasaini kwa tamaa, wanasaini kwa haya na uchovu. Sasa niambie, mkataba uliusoma?

MWANAISHA: Nilikaa nikasoma, meneja amekasirika. Moja, kuna ada ya kila mwaka ya matunzo, na kampuni inaweza kuipandisha. Binti hakuitaja. Mbili, vyumba ni "kulingana na nafasi". Nikauliza, Desemba? Pasaka? Shule zikifungwa? Akasema mtu akiwahi. Jirani yangu huyo anapiga simu Januari kuomba Desemba, anaambiwa kumejaa. Na tatu, hii ilinikata maini, kuna sehemu imeandikwa kwamba lolote aliloahidi muuzaji kwa mdomo si sehemu ya mkataba.

KILONZO: Yaani saa zote zile mlizokaa mnaambiwa...

MWANAISHA: Hazipo. Kisheria tulikula sambusa tu. Nikamwambia meneja nipe nakala niende nayo nyumbani, niwasomee wenzangu. Hatutoi, mama. Nikasema basi mume wangu, tuondoke.

KILONZO: Na mumeo akasemaje?

MWANAISHA: Alikuwa anafungia sambusa kwenye leso.

KILONZO: Na ile likizo mlioshinda?

MWANAISHA: Vocha tulipewa. Nauli si yao, chakula si chao, kuna ada ya usimamizi ulipe mapema, na ni siku za kazi, nje ya msimu. Nikitembea hadi Bamburi kwa miguu nikalala kwa shangazi, naokoa.

KILONZO: Sasa namba mbili...

MWANAISHA: Lakini yule binti alinihuzunisha. Tulipokuwa tunatoka alinambia polepole kwamba analipwa kwa kamisheni tu. Asiyesainisha mtu hana mshahara. Amesoma, ana digrii, kazi hakuna.

KILONZO: Hapo hatuko pamoja. Ni mwizi.

MWANAISHA: Kilonzo!

KILONZO: Anajua. Kila siku anawaambia watu "leo tu", na kesho yake anarudi kuwaambia wengine "leo tu". Hapo hakuna kutokujua. Ada ya mwaka ameificha kwa mdomo wake.

MWANAISHA: Ameandikiwa la kusema. Mwizi ni mwenye kampuni, ambaye hata pale hakuwepo. Mbona basi rafiki yako Mutua humwiti mwizi?

KILONZO: Mutua ni mambo mengine.

MWANAISHA: Wasikilizaji wa zamani wanamjua Mutua. Alijiunga na klabu ya safari, ile ya kulipa kiingilio na ada ya kila mwezi, halafu ukiingiza watu unapewa chako. Akawaingiza watu wa kanisa, akamwingiza na Bi Zuhura wa mahamri. Mama wa watu alitoa pesa ya unga!

KILONZO: Mutua alitoa yake kwanza. Na aliamini. Alikopa kwenye sako kuingia, mpaka leo analipa. Angejuaje? Kuna ile WorldVentures, klabu ya safari ya Texas, na si hiyo ya Mutua, hii ni ya magazetini. Mwaka 2014 mamlaka ya Norway iliamua kwamba ni mfumo wa piramidi, maana pesa ilikuwa inatoka zaidi kwa kuingiza watu kuliko kuuza safari. Nchi yenye wahasibu ilibidi ifungue vitabu ndipo ione. Na kampuni iliendelea kwingine mpaka Desemba 2020 ilipokwenda mahakama ya ufilisi. Sasa Mutua, fundi wa friji, ndiye angegundua?

MWANAISHA: Fundi wa friji alijua kuhesabu kamisheni. Bi Zuhura alipoingia, Mutua alipata. Si alipata?

KILONZO: Alipata kidogo.

MWANAISHA: Amemrudishia?

KILONZO: Atarudishaje na yeye amezama?

MWANAISHA: Yule binti aliniuzia mie, mtu asiyenijua. Nikaweza kusimama nikatoka. Bi Zuhura hakuweza kumkatalia Mutua, alimlea! Mutua hakuuza safari, aliuza heshima aliyokuwa nayo kwa yule mama.

KILONZO: Na mimi nakwambia kinyume chake. Mutua anapatikana. Bi Zuhura akitaka kumtukana anavuka barabara tu. Mutua hajahama, hajabadilisha nambari, anaona aibu kila Jumapili. Yule binti wako utampata wapi? Mwezi ujao chumba kile kimefungwa, wako Nakuru na jina jingine.

MWANAISHA: Aibu haijawahi kununua unga.

KILONZO: Na digrii haijawahi kuhalalisha uongo.

MWANAISHA: Wewe unamsamehe kwa sababu ni rafiki yako.

KILONZO: Na wewe unamsamehe kwa sababu alikusifia ndoa yako na kakako.

MWANAISHA: (kimya kidogo) Hiyo si hoja, Baba Mwende.

KILONZO: Si hoja, lakini jibu.

MWANAISHA: Sijibu. Msimamo wangu ni ule ule. Mutua anamdai Bi Zuhura... yaani Bi Zuhura anamdai Mutua, na mpaka alipe simpi mkono.

KILONZO: Na mimi kesho nakunywa chai naye. Ochi wa mitambo, usioneshe vidole! Dakika ngapi? Tano? Bado nina mambo sita.

MWANAISHA: Soma ya sheria tu. Hiyo ndiyo watu hawaijui.

KILONZO: Haya, sikilizeni ikiwa mmeshasaini juzi. Kenya tuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Mkataba wa aina hii unaweza kuuvunja bila kutoa sababu yoyote, ndani ya siku 10 tangu upate nakala yako ya maandishi. Bila sababu! Na sheria haisemi vyumba vya zamu peke yake, yaani vile watu wengi wanavyolipia na kutumia kwa kupokezana, inagusa hata mikataba ya kuahidiwa punguzo la usafiri na malazi ya baadaye. Kwa hivyo wakikwambia sisi si wauza vyumba, sisi ni klabu, hawajaponyoka.

MWANAISHA: Andika barua. Usipige simu, watakuzungusha mpaka siku ziishe.

KILONZO: Barua, barua pepe, vyote viwili, ubaki na ushahidi wa tarehe. Ulaya wamefika mbali zaidi, wana siku 14, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti kabla hazijaisha. Ndiyo maana hapa wanataka kadi yako ya benki mkiwa bado mezani.

MWANAISHA: Na wale wanaopiga simu baadaye? Jirani yangu alipigiwa, tumepata mnunuzi wa pointi zako za klabu, lipa kwanza gharama za wakili.

KILONZO: Namba sita hiyo! Ukishaumwa, jina lako liko kwenye orodha. Mexico huko, Puerto Vallarta, genge la dawa za kulevya lilikuwa linawapigia wazee wa Marekani wenye vyumba vya zamu, tuna mnunuzi, lipa kodi kwanza. Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo Aprili 2023. Anayetaka kununua kitu chako, kwa nini umlipe wewe?

MWANAISHA: Kwaya wameingia.

KILONZO: Tumerukia sita, tatu sijaisoma.

MWANAISHA: Isome ukitembea. Habari zenu, karibuni, tunamaliza.

KILONZO: Wakala wa safari aulizwe leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na usitazame picha ya leseni aliyokutumia, ulizia kwa mamlaka wenyewe. Na M-Pesa, kabla hujatuma soma jina linalotokea. Ukishatuma kimakosa, sambaza ule ujumbe kwenda 456 hapo hapo, kabla hajatoa, maana akishatoa...

MWANAISHA: Kilonzo, mama wa watu anataka kiti.

KILONZO: Chukua, mama, chukua. Halafu ikiwa ni nyumba ya Diani uliyoiona Facebook, na bei ni nusu ya majirani, mwambie akupigie video akiwa ndani ya nyumba, aanzie getini, na kama anasema mtandao mbovu...

(Kinanda kinaanza. Rekodi inaishia hapa.)