Jua la Florida katika Slaidi za Rangi

Mabibi na mabwana, tuitazame slaidi hii, picha ya filamu inayomulikwa ukutani. Ufukwe wa Florida, miaka ya 1950: anga ya buluu kali, gari jekundu, mama mwenye kofia pana aliyefinya macho. Chini ya ukingo wa kofia uso umezama kwenye weusi, hata pua huioni. Msimlaumu mpiga picha. Filamu ndivyo ilivyokuwa.

Kodachrome ya milimita 35, filamu ya slaidi za rangi ya kampuni ya Kodak, ilitoka mwaka 1936, na kasi yake ya kunasa mwanga wa jua ilikuwa 10 tu kwa kipimo cha ASA. Hata mchana kweupe ilibidi kupiga kwa 1/50 ya sekunde, tundu la lenzi likiwa f/6.3 hivi. Kwenye mchanga mweupe unaorudisha mwanga, tundu hilo lilibanwa kidogo zaidi, la sivyo mchanga unababuka mweupe usio na alama yoyote. Likipita wingu, slaidi inatoka giza. Kwa hiyo watu walisimamishwa juani, na mpigaji akaligeuzia jua mgongo. Mvua za radi zinazoipiga Florida karibu kila alasiri ya kiangazi hamtaziona sana humu, wala jikoni, wala kanisani. Kodachrome II ya mwaka 1961 ilipandisha kasi hadi ASA 25, na bado ni ndogo.

Lakini wako wasioonekana kwa sababu isiyohusu filamu. Silver Springs, chemchemi ya watalii huko Florida alikopigia mpiga picha Bruce Mozert picha zake za chini ya maji, Weusi walizuiwa. Walitengewa bustani ya Paradise Park, kwenye mto utokao chemchemi hiyohiyo, iliyofunguliwa 1949 na kufungwa 1969. Mozert alipiga picha huko pia. Weusi wa Miami walipata ufukwe wao, Virginia Key Beach, mwaka 1945. Ukiona ufukwe wenye wazungu pekee, ujue walipangwa hivyo kwa sheria na desturi.

Kwa mnaohifadhi slaidi: tarehe iliyogongwa kwenye fremu ya kadibodi ni ya kusafishwa kwa filamu, picha yenyewe huenda ilipigwa miezi kadhaa kabla. Kodachrome ikikaa gizani rangi zake hudumu, ila taa ya projekta huzipausha upesi, basi onyesheni nakala. Ektachrome za wakati ule, filamu nyingine ya slaidi ya Kodak, hugeuka nyekundu hata zikiwa sandukuni, maana rangi ya samawati ndiyo hutangulia kufa. Mnaposkani Kodachrome, zimeni kifuta-vumbi cha infraredi kilichomo kwenye skana, kwa sababu hudhani sehemu nyeusi za picha ni uchafu na kuziharibu. Vumbi litoeni kwanza kwa pampu ya mpira, na msipulize kwa mdomo: mate yakitua upande wa picha, ule wenye mabonde madogo ukiuinamisha kwenye mwanga, doa halitoki.