Clementine kamwacha AJ: tuongee

REHEMA: Haya karibuni tena, hapa ni Sinza, joto kama kawaida ya Dar, feni tumezima ili msikie vizuri. Niko na kaka yangu Deo, na leo tunaongelea kitabu cha katuni cha Clementine, yule binti wa kwenye gemu, kile cha kwanza kwenye mfululizo alichochora Tillie Walden, kilitoka 2022.

DEO: Na mimi hilo la kumwacha AJ, mtoto aliyemlea, limeniuma dada, nisifiche.

REHEMA: Najua, subiri kidogo, tuwapitishe na ambao hawajacheza gemu. Ni ile The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, 2012, Clementine ana miaka 8, kajificha kwenye kijumba cha juu ya mti nyumbani kwao kule Georgia, wazazi wamesafiri Savannah, mazombi wameshajaa mtaani, ndo anatokea Lee, jamaa alikuwa anapelekwa jela gari la polisi likapata ajali. Kuanzia hapo Lee ndo anamlea.

DEO: Na Lee ni wewe unayecheza! Hapo ndo watu hawaelewi kwa nini tunaongea kwa uchungu hivi. Wewe ndo unaamua umwambie mtoto ukweli au umfiche, muda unakatika huku unafikiria, afu pale juu kwenye skrini linatokea neno kwamba Clementine atalikumbuka hilo, yaani unagombana na mtu mzima mwenzio unashtuka kumbe mtoto alikuwa anakusikiliza. Kuna ile ya kwenye treni, Lee anamkata nywele ili zombi asipate pa kushika, anamfundisha bunduki, mtoto mikono inatetemeka. Halafu mwisho Lee kang'atwa, kafungwa pingu, unaamua wewe kama Clementine ampige risasi au amwache ageuke. Mimi nilimwambia apige. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti yake nanyamaza.

REHEMA: Mimi iliyonimaliza ni ya msimu wa 2. Sasa hivi unacheza kama yeye mwenyewe, kang'atwa na mbwa mkononi, watu wazima wanadhani ni zombi wamemfungia bandani, na yeye usiku anatafuta sindano na uzi wa kuvulia samaki anajishona. Kila tundu unalisukuma wewe. Hakuna wa kumshikia hata taa! Mtoto yule!

DEO: Ndo nasema sasa. Mtu umemlea hivyo, afu anampata AJ, kichanga, anamlea kama Lee alivyomlea yeye, msimu wa mwisho kang'atwa mguuni na AJ ndo anashika shoka anamkata mguu kumuokoa, mtoto mdogo vile. Kumbuka hata gemu yenyewe nusura isiishe, Telltale ilianguka Septemba 2018 katikati ya msimu, kampuni ya Skybound wakachukua wakamalizia, tukapata mwisho Machi 2019. Clementine yuko na wenzake kwenye ile shule wanayoishi, ana magongo, ana AJ, yuko nyumbani. Tumepumua. Halafu 2021 kwenye jarida la Skybound X, kurasa chache tu, anaaga anaondoka. Kurasa chache dada!

REHEMA: Hapo nakuunga mkono, kuaga kule kulihitaji nafasi. Ila kuondoka kwenyewe mimi namuelewa kabisa. Toka ana miaka 8 huyu binti hajawahi kuwa na siku ya kwake, kwanza analindwa, afu analinda, akikosea mtu anakufa. Ni wangapi hapa mjini tunawajua, binti wa kwanza kwenye familia, mama hayupo, analea wadogo zake, na akisema tu nimechoka ukoo mzima unamshangaa?

DEO: Lakini anayeachwa ni mtoto.

REHEMA: Kaachwa kwa watu wanaompenda, hajaachwa barabarani. Na kitabu hakimpi raha ya bure, kila anakokwenda anakwenda na huzuni yake na mguu wa bandia unaomuumiza. Anakutana na Amos, kijana wa Kiamishi, wale Wakristo wa Marekani wanaoishi kizamani, mwenye ndoto nyingi, wanakwea kaskazini mpaka Vermont, kwenye hoteli ya kuteleza kwenye theluji iliyotelekezwa, kuna vijana wachache wanataka kujenga makazi yasiyofikika na mazombi. Na uchoraji! Nyeusi na nyeupe na kijivu tu, mlima mkubwa na yeye kadogo pembeni, unaiona kabisa kila hatua kwenye theluji inavyomgharimu. Hiyo gemu haikunipa, kwenye gemu unabonyeza anakimbia.

DEO: Uchoraji sina neno. Sisi tuliokua na katuni za jarida la Sani tunajua mchoraji mzuri, ila Madenge alikuwa Madenge yuleyule kila toleo, hakui. Huyu tumemuona anakua. Shida yangu ni moja, miaka yote ile tulikuwa tunaamua naye, AJ awe mtu wa aina gani, yeye mwenyewe Clementine apende nani, Louis au Violet wa pale shuleni, afu kitabu kinakuja kinaamua peke yake na mimi nimekaa tu nasoma. Sikuzoea.

REHEMA: Ila si ndo ulikuwa unamlea ili siku moja aamue mwenyewe?

DEO: ...Aisee. Hapo umenishika. Lakini bado nataka AJ arudi. Hata akiwa mkubwa, hata akiwa na hasira naye, wakae waongee.

REHEMA: Basi tuendelee na cha 2, kile cha 2023, wanaokolewa na watu wa kisiwani, kiongozi wao daktari anaitwa Miss Morro, na mimi huyo daktari simuamini toka ukurasa aliotokea.

DEO: Hata mimi. Wiki ijayo tunaanza na huyo, na mliocheza gemu tutumieni sauti mtuambie, Lee mlimpiga risasi au mlimwacha?