Nani Atalipia Mafuta ya Pikipiki?

Mhadhara kwa wanafunzi wa afya ya jamii, Unguja

Asalaam aleikum. Namshukuru mwenyekiti kwa kunikaribisha, na nawashukuru nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kumsikiliza bwana afya mstaafu.

Niliombwa nizungumzie misaada ya kimataifa na udhibiti wa maradhi katika nchi maskini. Bahari hiyo ni kubwa kwangu, basi nitavua pale ninapopajua. Nitazungumzia malaria ya visiwa vyetu hivi. Fedha za nje za kupambana na malaria zimeingia hapa mara tatu. Mara mbili zimeondoka, na mara zote mbili malaria ikarudi. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, mara ya pili nilikuwa kazini.

Nilikuwa na umri wa miaka saba hivi. Wapiga dawa walipokuwa wanakuja kijijini, habari ilitangulia siku moja kabla. Asubuhi na mapema mama anatoa kila kitu nje: magodoro ya usufi, mikeka, vyungu, sanduku la nguo. Wanaume wanaingia na mabomba yao, wanapuliza ukuta kuanzia chini mpaka kwenye makuti. Dawa ilikuwa DDT. Ikikauka inaacha unga mweupe ukutani, nasi tunakatazwa kuugusa. Mama alikuwa akifurahi sana, na furaha yake haikuhusu mbu hata kidogo. Alifurahi kwa sababu kunguni walikufa na sisi tukalala.

Hakuna aliyetwambia ukuta ule mweupe umelipiwa na nani. Nilikuja kusoma baadaye, nikiwa mtu mzima, kwamba mwaka 1955 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika Mexico, uliamua malaria ifutwe ulimwenguni. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliachwa nje ya mpango ule, kazi ikionekana ni ngumu mno. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizojaribiwa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Na kazi ilifanyika. Ilipofika 1968, waliokutwa na vimelea vya malaria katika damu walikuwa chini ya asilimia 10. Mwaka huohuo upigaji dawa ukasimama. Mwaka uliofuata, 1969, shirika lenyewe likaiacha azma ya kuifuta malaria dunia nzima.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye uchungu.

Mtu aliyekulia katika malaria hujenga kinga ya aina fulani. Haimzuii kuumwa, lakini akishavuka utoto homa haimuui kirahisi. Sasa ukiiondoa malaria kwa miaka kumi, unapata watoto wa miaka kumi ambao damu zao hazijawahi kukutana na kimelea. Ni neema kubwa, maadamu ulinzi upo. Siku ulinzi ukiondoka, mbu wako palepale, kimelea kinaingia na abiria wa jahazi la kwanza, na kinawakuta watu hawana kitu mwilini cha kukizuia. Kwa hiyo anayeanza kazi ya malaria kisha akaiacha katikati hamrudishi mtu pale alipokuwa. Anamwacha pabaya zaidi.

Wenzetu wa Sri Lanka, wakati huo ikiitwa Ceylon, yaliwafika hayo kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa fani yetu anapaswa kuikumbuka. Mwaka 1963 nchi nzima iliandikisha wagonjwa 17 wa malaria. Kumi na saba! Wakaona kazi imekwisha, wakaacha kupiga dawa. Mwaka 1968 na 1969 wakauguza zaidi ya watu nusu milioni. Iliwachukua mpaka 2016 kupata cheti cha nchi isiyo na malaria. Watafiti waliokusanya habari za namna hii tangu miaka ya 1930 walipata matukio 75 ya malaria kurudi, katika nchi 61. Karibu yote yalihusiana na kulegea kwa kazi ya udhibiti, na sababu iliyojirudia kuliko nyingine ni ukosefu wa fedha.

Mara ya pili fedha zilikuja katika miaka ya 1980, kutoka Marekani kupitia USAID, shirika la misaada la serikali yao. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, nikapewa kikosi cha wapiga dawa. Tulifanya kazi kwa moyo, lakini DDT haikuwa tena ile ya utotoni mwangu. Mbu walishaanza kuwa sugu. Mradi ulikwisha 1989. Kwa hiyo sisemi ni fedha peke yake iliyotuangusha, sitaki kuwadanganya. Lakini mbu akiwa sugu unabadilisha dawa, na kubadilisha dawa kunataka mtu anayelipwa apime mbu, na gari la kumfikisha. Sisi tulibaki na gari lililopandishwa juu ya matofali, na mimi nikakabidhiwa ufunguo wa stoo iliyojaa mapipa matupu. Nikaenda kazini kila siku kwa miaka na ufunguo ule. Watoto waliletwa wamepoteza fahamu, wengine wameishiwa damu mpaka viganja vimekuwa vyeupe, na klorokwini tuliyokuwa tukiwapa ikawa kila mwaka inashindwa zaidi. Tulipokuja kuipima kwa utaratibu, ilikuwa inashindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa.

Mara ya tatu mnaijua, nyinyi mmezaliwa ndani yake. Septemba 2003 tulianza kutoa dawa mseto, yaani dawa mbili kwa pamoja, badala ya klorokwini. Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulikuwa umeanzishwa Geneva mwaka 2002; mwaka 2005 Rais George W. Bush akatangaza mpango wa Marekani wa malaria, na Tanzania ikawa katika nchi tatu za mwanzo pamoja na Angola na Uganda. Vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa watoto na wajawazito, upigaji dawa ukarudi 2006, safari hii kwa dawa nyingine. Ndani ya miaka michache waliokutwa na vimelea walishuka chini ya asilimia 1. Nililia siku niliyoona takwimu zile, na sioni haya kusema.

Malaria ikishuka kiasi hicho, kazi inabadilika. Huendi tena kijijini kumtibu kila mtu, unamtafuta mmoja mmoja. Mgonjwa anapimwa kituoni, kipimo kinaonyesha mistari miwili, yaani malaria ipo, muuguzi anatuma taarifa kwa simu. Afisa wa wilaya anapanda pikipiki. Wakati mmoja nilifuatana na kijana mmoja mpaka nyumba ya mvuvi aliyerudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, miezi mitatu pwani ya bara. Tukakaa barazani, tukapewa maji. Kijana akauliza nani wanalala humu, wangapi, chandarua kiko wapi. Akawachoma vidole wote saba, tone la damu kila mmoja, akavipanga vipimo juu ya mkeka, tukasubiri dakika kumi na tano huku bibi mwenye nyumba akituhesabia kwa tasbihi. Sita safi. Wa saba, mtoto wa miaka minne, mistari miwili. Alikuwa akicheza uani, hana homa wala hajui kitu. Akapewa dawa palepale.

Mtoto yule ndiye kazi yenyewe. Asingefuatwa, mbu wa jioni ile wangemuuma na kupeleka vimelea nyumba ya jirani. Sasa niambieni, kwenye ripoti ya mfadhili yule mtoto ataandikwaje? Ataandikwa mgonjwa mmoja. Ile homa ya mtaa mzima ambayo haikutokea haina safu ya kuandikwa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Fedha za kimataifa za maradhi hufuata ugonjwa. Mfuko wa Dunia, unapogawa, hutazama mambo mawili makubwa: nchi ina mzigo gani wa maradhi, na uwezo wake wa kiuchumi ukoje. Si dhulma, mwenye wagonjwa wengi kweli anahitaji zaidi. Mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, asilimia 95 wakiwa Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Ukiwa na dola moja, utaipeleka wapi kama si huko? Lakini maana yake kwa aliyefanikiwa ni kwamba kadiri anavyofanikiwa ndivyo anavyosogezwa nyuma ya foleni, wakati kazi yake bado haijapungua. Pikipiki ya kumtafuta mgonjwa mmoja inakula mafuta yaleyale. Na sisi tuliona mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 jinsi wagonjwa walivyoongezeka ghafla, tena hapahapa Mjini.

Kisha ikaja 2025. Tarehe 20 Januari, siku aliyoapishwa, Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa baada ya zaidi ya miaka 60. Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Novemba, Mfuko wa Dunia ulipochangisha Johannesburg, uliomba dola bilioni 18 ukaahidiwa bilioni 11.34.

Wapo wanaosema afadhali, misaada ilikuwa utumwa. Siwezi kusema hivyo mbele ya mama aliyenusuriwa mtoto. Fedha zile zilitoka kwa walipa kodi wasiotujua, zikaokoa roho hapa, na anayetoa sadaka haulizwi kwa nini ameacha. Mimi namuuliza aliyekuwa akipokea. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi zilizowahi kufika hapo ni chache mno, na hakuna mfadhili aliyetuzuia. Vyandarua vyenye dawa vinafumwa Arusha tangu 2003, kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu kipo Kibaha tangu 2015. Vitu tunaviweza, ila mnunuzi mkubwa wa vile vyandarua amekuwa mfadhili.

Sisemi serikali zetu zibebe kila kitu kesho asubuhi. Haiwezekani, na anayeahidi hivyo anatafuta makofi. Nasema tugawane kwa akili. Dawa mseto, vyandarua, chanjo, hivi ni vitu vinavyonunuliwa kwa wingi na kwa bei nafuu kupitia mifuko ya kimataifa. Tuendelee kuviomba, bila kuona aibu. Lakini mshahara wa yule kijana wa wilaya, mafuta yake, tairi lake la nyuma, vipimo vya kuchoma vidole saba barazani, na anayepima usugu wa mbu kila mwaka, hivi viwe vyetu, viwe kwenye bajeti yetu, kila kimoja kwa jina lake, na viwe vya mwisho kukatwa. Gharama ya hayo si ya kutisha. Mimi na wenzangu wawili tulikaa tukapiga hesabu, wilaya kwa wilaya, Unguja na Pemba, kwa bei za pampu za mafuta za mwezi uliopita.

Karatasi ninazo humu kwenye mkoba. Waliosomea uhasibu waje wazikague, wanioneshe nilipokosea kabla sijazipeleka kwa mwakilishi wetu. Nipo hapa mpaka sala ya alasiri.