Kondoo Waliowatangulia Waviking: Nikiwa Visiwa vya Faroe

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, hamjambo? Mniwie radhi kwa kelele za upepo, kwa kuwa hapa nilipo, kando ya ziwa Eiðisvatn katika kisiwa cha Eysturoy, hakuna hata mti mmoja wa kujikinga.

Visiwa vya Faroe ni 18, vyenye eneo la takriban kilomita za mraba 1,400, na vimo katika Atlantiki ya Kaskazini baina ya Uskoti, Norwe na Aislandi. Popote usimamapo, bahari haizidi kilomita 5 kutoka ulipo. Utazameni ule mlima: matabaka yake yamelaliana kama ngazi, na kila tabaka ni mtiririko wa lava uliopoa na kuwa mwamba wa basalti zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Barafu ilikuja baadaye sana, ikachonga mabonde na milango-bahari inayovitenganisha visiwa hivi. Kilele kirefu kuliko vyote, Slættaratindur, kina mita 880 na kiko kisiwa hiki hiki.

Sasa, ni nani aliyetangulia kuishi hapa? Masimulizi ya kale yanamtaja Grímur Kamban, Mviking wa karne ya 9, yaani mmoja wa mabaharia wavamizi wa Skandinavia, ingawa jina hilo la Kamban, kwa maoni ya wataalamu wengi, lina asili ya Kigaeli, lugha ya Ireland na Uskoti, jambo ambalo peke yake lingetosha kututia shaka. Tena yuko Dicuil, mmonaki wa Ireland aliyeandika mwaka 825 kuhusu visiwa vya kaskazini ambako wamonaki wakaa-pweke waliishi kwa karibu miaka 100, hadi maharamia wa Kinorwe walipowafukuza, vikabaki vimejaa kondoo na ndege wa baharini. Anamtaja padri aliyefika kwenye kimojawapo kwa mashua ndogo, akisafiri siku mbili za kiangazi na usiku mmoja wa katikati. Dicuil havitaji kwa jina, lakini wengi huamini kwamba ni visiwa hivi vya Faroe.

Jibu lenye nguvu zaidi limetoka chini ya maji haya mnayoyaona. Watafiti walizamisha mirija, wakatoa mashapo, yaani matope ya chini ya ziwa yaliyojikusanya tabaka kwa tabaka, na majivu ya volkano ya Aislandi iliyolipuka mwaka 877 yakawasaidia kuhesabu miaka. Chini kabisa ya majivu hayo, katika tabaka la karibu mwaka 500, ghafla zinatokea chembe za kinyesi cha kondoo na vinasaba vyao. Kondoo hawaogelei kutoka Uskoti. Yupo aliyewapakia chomboni. Kule kisiwa cha Sandoy nako zimepatikana punje za shayiri zilizoungua, ndani ya majivu ya moto wa kale, nazo ni za kati ya karne ya 4 na ya 6.

Waviking walipofika walianzisha baraza lao pale Tinganes, katika mji mkuu wa leo, Tórshavn, na lugha yao ndiyo iliyozaa Kifaroe cha leo. Hata hivyo, vinasaba vya wenyeji vinaonyesha kwamba ukoo wa baba kwa sehemu kubwa ni wa Skandinavia, ilhali ule wa mama umetoka zaidi Uingereza na Ireland. Mimi, kwa hiyo, nikisikia Grímur akiitwa mtu wa kwanza, huuliza kwanza kondoo walikuwa wa nani.