"Baba Akirudi Atalikuta": Mhadhara Juu ya Kipimo cha Picha na Hadithi

Mbukwenyi! Asanteni, kaeni.

Waliowahi kushika kadi za TAT, kipimo cha saikolojia cha picha na hadithi, wanyooshe mikono. Karibu wote. Basi sina haja ya kuanza na alifu. Mnajua tunampa mtu picha, tunamwomba atunge hadithi: kilichotangulia ni nini, sasa kinatokea nini, waliomo wanawaza na kuhisi nini, na mwisho wake utakuwaje. Mnajua ni kazi ya wanasaikolojia Henry Murray na Christiana Morgan wa Harvard, makala yao ilitoka mwaka 1935, na seti tunayoitumia ilichapishwa mwaka 1943: kadi 31, thelathini zina picha na moja nyeupe tupu. Jina la Morgan halikuwekwa kwenye seti hiyo ya 1943 ingawa baadhi ya picha alizichora yeye kwa mkono wake. Hilo linaniuma, lakini silo lililonileta.

Nimekuja na neno lile lile la mwaka jana na mwaka juzi, na nitalisema hadi mlichoke. Hadithi ya mtoto si damu unayoichukua kwenye kichupa ukaipeleka maabara. Damu haijali nani kaichukua. Mtoto anamsimulia mtu, na anaposimulia anakutazama wewe, viatu vyako, kalamu yako, na mlango kama umefungwa. Wewe umo ndani ya hadithi hiyo. Usipojiona humo, utakayoyaandika kwenye ripoti ni yako, na jina lililopo juu ni la mtoto.

Tazameni kadi namba 1. Mvulana ameketi, ameshika kichwa, mbele yake mezani kuna fidla na uta wake. Vitabu vinatuambia kadi hii huibua ari ya mafanikio, na jinsi mtoto anavyoyabeba matakwa ya wazazi. Sawa.

Miaka ishirini na kitu iliyopita nilikwenda shule moja ya msingi upande wa Chamwino, mkoani Dodoma. Nilikuwa bado mbichi kazini. Wakaniletea kijana wa darasa la tano, amerudia darasa, na darasani hasemi. Tulipewa ofisi ya mwalimu mkuu. Ukutani, nyuma ya kichwa changu, ilining'inia fimbo. Mimi sikuiona hadi baadaye. Yeye alikuwa ameketi akiitazama.

Nikampa kadi. Aliinamia ile picha muda mrefu. Kisha akapitisha kidole juu ya nyuzi, taratibu, kama anayezihesabu. Akauliza, "Mama, hili zeze la nani?"

Zeze! Kwa nini asiseme zeze? Kuna uta, kuna nyuzi, kuna shingo ndefu. Nchi hii ya Ugogo ndiyo iliyomtoa Hukwe Zawose akalipiga zeze hadi ng'ambo. Mimi nikajibu kama nilivyofundishwa: "Wewe unaonaje?"

Akasema: "La baba yake. Baba amekwenda shamba. Kijana amelichukua, uzi umekatika. Sasa amekaa." Kimya. Nikamwuliza, halafu? "Baba akirudi atalikuta." Basi, akarudisha kadi.

Niliandika mistari minne, na hadi leo naikumbuka. Anamwogopa baba. Ana hatia. Hana ari, kwa kuwa mhusika wake amekaa tu wala hatendi. Hadithi haina mwisho, kwa hiyo anakwepa. Nilijiona nimemsoma kijana kama gazeti.

Mchana tukala na walimu. Alikuwapo mwalimu mmoja mzee, Mgogo, na baada ya chakula nikamsimulia hadithi ile bila kutaja mtoto. Mnaona kosa jingine hapo? Shule ile, asubuhi ile, mzee alikuwa anajua ni mtoto gani. Siri ya mtoto haifichwi kwa kuacha jina. Mzee akaniuliza swali moja tu: "Ulimwuliza atalikuta likoje?"

Sikumwuliza.

Tukamwita kijana, safari hii nje, chini ya mkwaju, mzee akachuchumaa naye wakazungumza Kigogo. Kijana alisimulia hadithi nzima, na mikono ikasimulia pia. Mvulana wa kwenye picha anawaza atapata wapi waya. Amekumbuka baiskeli mbovu nyuma ya nyumba. Atachomoa waya, ataukaza, ataujaribu kwa uta, ukilia vibaya ataukaza tena. Na baba akirudi atalikuta. Atalikuta zima, likilia! Kwa nini hakuyasema ofisini? Mzee akamwuliza. Akajibu kwamba mtu mzima akijua uligusa kitu cha baba, hangoji umalizie habari ya waya.

Sasa rudieni mistari yangu minne. Mimi nilisikia kipigo katika "atalikuta". Yeye alikuwa anasema kazi imekwisha. Kuna tatizo, kuna mpango, kuna njia, kuna kizuizi, kuna kushinda. Hayo ndiyo mwanasaikolojia David McClelland na wenzake waliyokuwa wakiyahesabu kwenye hadithi walipopima ari ya mafanikio. Kijana niliyemwandika hana ari alikuwa nayo ya kumwagika. Na kwa nini hasemi darasani? Hilo kadi haikunijibu. Ilibidi nilitafute kwingine, na ilikuwa halali yangu kulitafuta kwingine.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema: mama, huyo ni mtoto wa kijijini, wa mjini wanaijua fidla. Haya, nenda mitaa ya Dodoma mjini, nenda Nkuhungu, nenda Chang'ombe. Mmoja ataiona ni gitaa, mwingine ataiona ni chombo cha kwaya, mwingine ameiona kwenye televisheni ikipigwa na watu waliovaa suti, na kwake ni kitu cha matajiri. Kila mmoja ameanza hadithi mahali tofauti kabla hajafungua kinywa. Hujui ameanzia wapi mpaka umwulize. Na kuuliza baada ya hadithi hakukubuniwa na mimi. Kumo katika utaratibu tangu zamani. Tunakuruka kwa sababu foleni ni ndefu. Foleni ikiwa ndefu, pima watoto wachache!

Mwingine atasema, basi tuchore picha zetu. Tuchore, naunga mkono. Wenzetu walichora: Thompson mwaka 1949 alitengeneza kadi zenye Wamarekani weusi, Bellak mwaka huo huo akatoa za wanyama kwa ajili ya watoto, Lee mwaka 1953 akatoa za Waafrika kule Afrika Kusini. Chora nyumba ya tembe, chora mama anatwanga uwele, vizuri sana. Lakini ukiipeleka picha ya tembe katika ofisi yenye fimbo ukutani, fimbo haijaondoka.

Halafu kuna jambo la nani humsimulia nani. Watoto wengi wa huku wamekua wakisimuliwa na bibi. Leo mtu mzima asiyemjua anamwambia, nisimulie wewe. Atafanya nini? Atakupa ya sungura na fisi, kwa adabu, neno kwa neno kama alivyoipokea. Msimwandikie "anakwepa". Amekuheshimu. Pokea ya sungura, cheka panapochekesha, kisha omba nyingine.

Na njaa. Hili nawaomba mlishike. Mwaka 1948 Atkinson na McClelland waliwapima wanamaji wa Marekani, wengine wamekaa saa moja bila kula, wengine saa nne, wengine saa 16. Kadiri njaa ilivyozidi, hadithi zilijaa zaidi watu waliokosa chakula na watu wanaokihangaikia. Hao ni wanaume wazima, njaa ya siku moja. Wewe unampima mtoto mwezi wa pili, ghala limekwisha, mavuno hayajafika, saa nane mchana, tangu jana jioni hajatia kitu mdomoni. Anakusimulia habari ya mtu aliyenyimwa, unaandika "anajihisi kukataliwa na mama". Mama gani? Mpe uji kwanza!

Naona naonyeshwa saa. Kadi namba 2 nilitaka kuikalia: binti ana vitabu, mwanamume yuko shambani, mwanamke ameegemea mti. Binti mmoja wa Bahi aliitazama akaniuliza, "Huyu mama mbona halimi?" Nilitaka tulichambue swali hilo. Tuliache.

Kuhusu kuzipa hadithi alama, kwa haraka. Lilienfeld, Wood na Garb walipitia ushahidi wa vipimo vya namna hii mwaka 2000, wakaona matumizi mengi hayana mguu wa kusimamia, isipokuwa njia chache za kuhesabu alama zenye taratibu zilizoandikwa. Wapimaji wengi hawatumii njia yoyote iliyoandikwa, wanasoma kwa hisia. Kwa hiyo kadi isitoe jina la ugonjwa peke yake. Isimnyime mtu ajira. Mwajiri akikuomba umpimie watu wake kwa kadi hizi, mkatalie. Hadithi ni mwanzo wa mazungumzo, unaipeleka kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa mtoto mwenyewe, uone kama inasimama.

Maswali nitayachukua mlangoni. Kesho saa tatu asubuhi tunakutana na watoto. Meza ziwekwe nje, chini ya miti, si ofisini. Asiyejua Kigogo akae na anayejua. Maneno ya mtoto yaandikwe kama yalivyotoka, tafsiri baadaye. Uji utangulie. Na kadi zangu nitazihesabu zikirudi: ziwe 31. Ile nyeupe ni kadi namba 16, mwaka jana ilirudi imeandikwa namba ya simu.