Msiing'arishe Sanamu ya Askari

Ndugu zangu, historia ya Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita (Carrier Corps), mnaijua na Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 mmeisoma, kwa hiyo sitairudia. Nimealikwa kuzungumzia kumbukumbu ya ushujaa wa askari Waafrika wa vita hiyo, na nitazungumzia maji, brashi na nta. Sanamu yao ya bronzi iliyopo pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927 na iko karibu kabisa na bandari. Upepo wa chumvi unaipiga usiku na mchana. Tukiipoteza, tutakuwa tumeipoteza kwa kutojua kuosha.

Kila sherehe inapokaribia utamsikia mtu akisema: imefifia, tuing'arishe, wageni wanakuja. Hapana! Hapana, na nitasema tena hapana. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati kidogo. Kwa kawaida shaba ni karibu asilimia 90. Ikikaa nje hujijengea ngozi ya kahawia au kijani iliyoshikamana na madini yenyewe. Ngozi hiyo ndiyo kinga. Ukiisugua kwa stiliwaya, msasa au dawa ya kung'arishia vitasa, umeondoa kinga, na umeondoa pia kazi ya mkono wa mchongaji: mshono wa sare, mikunjo ya nguo, mistari ya uso. Sanamu itang'aa siku chache, kisha chumvi itaingia kwenye shaba iliyobaki uchi. Mwakani mtasugua tena. Mkiendelea hivyo, sura ya askari itabaki laini kama kokoto ya ufukweni.

Wengine wataniambia bibi zetu walisafisha sinia za shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu, na sinia zipo hadi leo. Ni kweli. Lakini sinia husuuzwa, hufutwa na kurudishwa ndani kabatini. Sanamu inabaki barabarani, na tindikali ya ndimu inabaki kwenye mikunjo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kuna kijani cha aina mbili. Pitisha ncha ya kidole. Kikiwa laini, kimeshika, na kidole kinatoka safi, kiache. Kikiwa madoa ya kijani kilichopauka, yaliyovimba, na kidole kinatoka na unga, huo ni ugonjwa. Kloridi ya chumvi imeungana na shaba. Ikipata unyevu na hewa inatoa asidi ya haidrokloriki. Asidi inakula shaba mpya. Kloridi mpya inazaliwa, na mzunguko unaanza upya. Kwenye makumbusho ugonjwa huu hutulizwa kwa kukausha hewa ya chumba. Dar es Salaam utaikausha vipi? Ndiyo maana tunategemea nta. Madoa hayo msiyakwangue kwa kisu. Pigeni picha, andikeni yalipo, muiteni mhifadhi, yaani fundi wa kutunza sanamu na vitu vya kale.

Na msiyatafute kifuani tu. Mvua inaosha kifua na mabega. Chumvi hujificha pasipofikiwa na mvua: chini ya mkanda, upande wa chini wa bunduki, nyuma ya magoti. Huko ndiko mchukue tochi.

Kazi yenyewe ni hii. Mara mbili kwa mwaka: mwezi wa sita masika yakiisha, na mwezi wa kwanza baada ya vuli. Maji baridi, sabuni laini isiyo na jiki wala amonia, brashi ya manyoya. Mashine ya presha ya kuoshea magari isikaribie. Oshea kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuza kutoka juu kwenda chini mpaka povu liishe kabisa. Kausha kwa kitambaa cha pamba, acha ipigwe jua. Nta ipakwe kidogo sana kwa brashi, iachwe ikauke, ifutwe kwa kitambaa. Nta ya nyuki ni laini mno kwa jua letu: shaba nyeusi ikichemka saa saba mchana, nta hiyo inalegea na kunasa vumbi. Tumieni nta ngumu ya wahifadhi, ile itokanayo na mafuta ghafi. Mkitaka kujua kama bado ipo, nyunyizeni maji. Yakisimama matone matone, ipo. Yakitandaa, imekwisha.

Yupo atakayesema hii ni sanamu ya mkoloni, ya nini kuihangaikia. Mahali pale palipo Askari, Wajerumani waliweka sanamu ya aliyekuwa gavana wao, Hermann von Wissmann, mwaka 1909: gavana juu, askari Mwafrika chini yake. Leo gavana hayupo. Askari amesimama juu peke yake, na maandishi ya chini, Kiswahili kikiwemo, yanawataja pia wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao, kwa upande wa Waingereza pekee, walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na wengi mno hawana kaburi lenye jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani mwaka 2021 kwamba haikuwaenzi Waafrika kwa usawa. Kwa mtu asiye na kaburi, maandishi yale ndiyo jiwe lake. Kwa hiyo brashi ianzie kwenye maandishi na picha zilizochongwa pembeni. Askari wa juu anaonekana na kila mtu. Wa chini ndio husahauliwa.

Nilitaka kueleza msingi wa mawe, muda umekwisha. Kwa kifupi: nyufa zisizibwe kwa saruji, inafungia unyevu na kupasua jiwe, tumieni chokaa. Boliti za chuma zisigusane na shaba. Matundu ya kutolea maji yasizibwe.

Na wekeni daftari: tarehe, sabuni gani, nta gani, nani aliosha, madoa yako wapi. Likikosekana, timu ijayo itapaka nta juu ya kitu isichokijua.